Mwendo Aliokuwa Nao Nkwabi

Kharumwa
10 Septemba 2023

Mdogo wangu Boaz,

Habari za Kambarage? Mkeo Violeth hajambo, na mguu wake umepona? Huku kwetu tunapumua. Shemeji yako Jilala alilala na mgongo wiki mbili, ila tangu juzi anatoka na ng'ombe mwenyewe. Loveness yuko nyumbani kwa likizo fupi, na ndiye atakayeipeleka barua hii stendi ampe kondakta wa basi la Shinyanga.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu nimempa Loveness. Sauti yako ile ya tarehe kumi na tisa Julai, "Dada, kaa chini kwanza," bado imo ndani yake. Ikilia tu, natoka nje. Karatasi haina sauti. Mwandiko wangu wa darasa la saba unaujua, vumilia.

Hapa kijijini watu hawajui waniiteje. Wanaanza "Mama Nkwa...", halafu wanameza, wanamalizia "Mama Loveness." Tulimzika mwanangu mara moja, wao wanamzika kila tukikutana.

Sasa jambo langu. Wale wageni wa kampuni walipokuja kutoa pole, mmoja alimwambia Jilala kwamba tatizo lilikuwa mwendo. Hakusema zaidi, wakapanda gari wakaondoka. Neno hilo likatoka uani kwetu likazunguka kijiji kizima. Sasa wanasema Nkwabi alikuwa anakimbia mno. Wanasema alikuwa anatamba juu ya mashamba yao ili waone mtoto wa Jilala amekuwa rubani. Kisimani wanasema. Mama Esta, jirani yangu wa miaka ishirini, amesema nikiwa nasikia.

Wewe ndiye uliyemwingiza katika kazi ile ya kutafuta dhahabu kwa ndege, na kambini mlikuwa pamoja. Nieleze mimi nisiyewahi kupanda hata ngazi ndefu: mwendo wa ndege unapimwaje wakati angani hakuna barabara wala nguzo? Na mwanangu, mwendo wake ulikuwa mwingi au mdogo?

Nasubiri.

Dada yako,
Lusia


Kambarage, Shinyanga
2 Novemba 2023

Dada Lusia, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa sana kwa wakala wa basi kabla ya kunifikia. Violeth mzima, mguu umepona, anakusalimu. Mpe Jilala pole ya mgongo. Mimi kazi ya kambini nimeiacha tangu Agosti. Nimepata kibarua cha kutengeneza kompyuta hapa mjini, si kikubwa, ila kinanifanya nitoke nyumbani asubuhi.

Umeuliza swali zuri. Nitalijibu taratibu.

Ndege ina mwendo wa aina mbili, na zote mbili ni za kweli. Wa kwanza ni mwendo wa hewani. Chini ya bawa kuna mrija mwembamba kama kidole, mdomo wake umeelekea mbele. Ndege ikienda, hewa inasukuma ndani ya mrija huo. Ubavuni kuna tundu jingine linaloonja hewa isiyosukumwa. Kipimo mbele ya rubani kinalinganisha hizo mbili na kumwambia: hewa inapita kwenye mabawa yako kwa kasi hii. Mrija ule haujui kama chini kuna Kharumwa au kuna ziwa. Unajua hewa tu.

Wa pili ni mwendo wa ardhini, yaani ndege inaipita nchi kwa kasi gani. Huo siku hizi unaletwa na setilaiti.

Unakumbuka marehemu baba alivyokuwa akipeleka pamba kwa baiskeli? Akienda upepo ukiwa usoni, shati linapepea, macho yanajaa vumbi, lakini barabara haiishi. Akigeuka, upepo ukiwa mgongoni, barabara inakimbia yenyewe na shati limelala mwilini kana kwamba hakuna upepo kabisa. Baba alikuwa na mwendo mmoja wa usoni na mwingine wa barabarani. Ndege ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba baiskeli inabebwa na barabara, ndege inabebwa na hewa inayopita kwenye mabawa. Hewa hiyo ikipungua kupita kiasi, bawa haliwezi tena kubeba, hata kama ardhi inakimbia namna gani.

Kwa hiyo wanaosema alikuwa anatamba kwa kasi waambie hawajui wasemalo. Nkwabi hakuwa mtu wa kutamba.

Wasalimu wote.

Mdogo wako,
Boaz


Kharumwa
26 Novemba 2023

Boaz mdogo wangu,

Wabeja, asante kwa barua. Mvua zimeanza, Jilala amepanda mahindi, Loveness amerudi shule. Esta, binti wa jirani, amejifungua mtoto wa kike, nimeenda kumwona nikakaa dakika chache nikaondoka. Mtoto mchanga simwezi kwa sasa.

Umesema barua yangu ilikaa kwa wakala. Kondakta alimwambia Loveness kuwa alimpa Violeth mkononi jioni ileile. Sikugombezi. Nasema tu kwamba ninajua.

Maelezo yako nimeyasoma mara nne, na nimeyaelewa kuliko ulivyodhani. Mimi nimepepeta mtama tangu utotoni. Julai najua upepo unatoka mashariki, na siku ile ulikuwa mkali, makapi yalikuwa yanaruka hadi kwa jirani. Kwa hiyo mwanangu akielekea magharibi upepo ulikuwa mgongoni kwake. Chini anaona ardhi inakimbia, anadhani ana mwendo mwingi, kumbe mabawa yana hewa kidogo. Nimekosea? Maana mtu aliye angani anaona nchi, upepo haonyeshwi na mtu.

Ulijibu kwamba hakuwa na kasi mno. Hukusema alikuwa na nini. Sasa nami nikwambie nililolificha, hata Jilala hajui.

Wiki ile nzima ndege yake ilikuwa inapita juu ya shamba letu la pamba, inakwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta. Siku ya kwanza nilipunga mkono. Siku ya pili nikavua kanga nikapunga kanga. Naye akatikisa mabawa, hivi na hivi, ndege nzima ikanisalimu. Wavunaji wenzangu wakapiga vigelegele. Boaz, sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya kumzaa sikuwa nayo, maana siku ya kumzaa nilikuwa na maumivu.

Tarehe kumi na tisa nilipanda juu ya kichuguu ili anione vizuri. Nikapunga. Akatikisa mabawa. Akapita. Muda si muda mlio ukakatika nyuma ya kilima, nikaona moshi.

Aligeuza shingo kunitazama. Ndiyo ninalolifikiri nikiamka na nikilala. Mtu anayeendesha chombo kinachobebwa na hewa, mama yake amesimama juu ya kichuguu anamwita kama mtoto anayechunga. Aliacha kutazama kipimo akanitazama mimi.

Wewe unajua kazi yake. Niambie bila kunionea huruma: nilimuua mimi?

Lusia


Kharumwa
8 Februari 2024

Boaz,

Krismasi imepita, Januari imepita. Jibu sijapata.

Nimemwambia Jilala habari ya kichuguu. Akasema, "Mungu ndiye anayejua." Hakusema, "Hapana, si wewe." Tangu hapo ananihudumia vizuri mno, kama mgonjwa. Chai ananiletea yeye. Hajawahi kuniletea chai kwa miaka ishirini na saba.

Shamba la pamba mwaka huu sikulipanda. Majani yamefika kiunoni. Nikienda kisimani napita njia ndefu ili nisilione.

Hivyo kimya chako nimekisoma. Wewe ni mtu mwenye huruma tangu ukiwa mdogo, hukuweza kuliandika neno "ndiyo" ukamtumia dada yako aliyekubeba mgongoni. Nimekubali. Nitalibeba. Usijisumbue tena kuniandikia habari za mirija.

Lusia


Kambarage, Shinyanga
19 Februari 2024

Dada Lusia,

Safari hii siwezi kuanza na habari za nyumbani.

Hukumuua wewe. Soma tena: hukumuua wewe. Na nililijua hilo tangu siku ileile.

Nitakueleza yote, na ukifika mwisho utaamua kama bado una mdogo.

Kazi ile ya kupima miamba inataka ndege ipite chini, kwenye mistari iliyonyooka, na iipite ardhi kwa mwendo usiobadilika sana. Ikikimbia mno juu ya ardhi, vipimo vinaruka sehemu, mstari unakataliwa, unarudiwa. Siku mbili nyuma mistari yote ya kuelekea magharibi, ile yenye upepo mgongoni, ilikuwa imekataliwa. Mkubwa wetu wa kambi alikuwa amewaka. Alisema wazi kwamba mwendo wa ardhini usizidi kilomita mia na themanini kwa saa, na mtu wa kuuangalia kwenye kompyuta na kumkumbusha rubani kwa redio ni mimi.

Nilikuwa mimi, Dada. Nilikaa ndani ya hema, kivulini, chai mezani. Kwenye kioo changu kulikuwa na namba moja tu, ya ardhini. Namba ya hewani anayo rubani peke yake.

Saa nne na dakika kumi na mbili alipita kwako. Najua dakika yake kwa sababu kila anachosema nilikuwa nakiandika kwenye daftari la kazi. Alicheka kwenye redio. Akasema, "Mjomba, mama amepanda kichuguu leo! Kesho utamkuta juu ya paa." Nikamwambia, "Endelea na mstari." Akasema, "Naendelea. Lakini umwambie jioni kwamba nimemwona. Amevaa kanga ya njano."

Ndege ilianguka saa nne na dakika thelathini na moja. Dada, ni dakika kumi na tisa. Wewe unakumbuka kama kufumba na kufumbua, kwa sababu moyo umeziunganisha, lakini katikati yake aliruka mstari mzima wa kurudi na mwingine wa kwenda, upande wa pili wa kilima, mahali ambapo huonekani hata kwa darubini. Alikuwa anatazama kazi yake. Hakukugeukia.

Kwenye mstari wa mwisho alikuwa anaelekea magharibi. Kioo changu kikaonyesha mia mbili na kumi. Nikashika redio.

"Nkwabi, punguza. Unakimbia ardhini."

"Upepo, Mjomba. Ni mkali kuliko jana."

"Najua. Punguza."

Ikashuka mia mbili. Nikasema tena, "Bado. Punguza." Akasema, "Mjomba, hewani nimebaki na kidogo." Hayo ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza. Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni mwa hema, anasikiliza. Na mimi nikasema mara ya tatu: "Mstari huu tukiurudia tutaonekana hatufai wote wawili. Punguza, malizia."

Akasema, "Sawa, Mjomba."

Unajua alivyokuwa ananitii. Nilimfundisha kusoma saa mimi. Hakuwahi kunibishia.

Ikafika mia na themanini. Upepo mgongoni ulikuwa karibu hamsini. Toa hamsini, na hewa iliyokuwa inapita kwenye mabawa ilikuwa mia na thelathini. Kwa kunyooka ndege ile inaweza kubebeka na mia na thelathini. Lakini mwisho wa mstari ni lazima igeuke kuingia mstari mwingine, na ndege ikilala ubavu kugeuka kwa ghafla inahitaji hewa nyingi zaidi ya hiyo. Na alikuwa chini, Dada, juu ya miti tu. Hakukuwa na nafasi ya kuanguka kidogo na kujizoa. Nilisikia kengele ya onyo la ndege kwenye redio yake. Nikasikia, "Mj..." Basi.

Wachunguzi waliponihoji nilisema nilikuwa nampa taarifa za kawaida za mwendo. Daftari nilikuwa nimeshalichana ukurasa. Ukurasa huo niliuficha ndani ya Biblia ya Violeth, naye hajui.

Barua yako ya kichuguu niliipokea tarehe thelathini Novemba. Niliisoma nikiwa nimesimama dukani. Ningeweza kukujibu siku hiyo kwa mstari mmoja. Nilianza barua kumi na moja. Kila nilipofika kwenye neno "punguza" niliichoma. Kisha likaja wazo baya, nalo nitakwambia pia ili usibaki na chochote cha kugundua. Nilijiambia kuwa mama akijilaumu kwa kumpenda mtoto wake, hilo ni jeraha safi, litapona, lakini la kwangu halitapona. Nikakuacha ulibebe.

Jana nimeandika maelezo mapya kwa wachunguzi, nikabandika na ukurasa wa daftari. Wameyapokea. Sijui watafanya nini na mimi.

Sikuombi kitu.

Boaz


Kambarage, Shinyanga
5 Mei 2024

Dada, shikamoo.

Sijui kama barua ya Februari ilikufikia. Niliipeleka mwenyewe hadi stendi, nikaliona basi likiondoka. Wachunguzi wameniita mara mbili, na mkubwa wa kambi naye ameitwa. Violeth ameshajua. Amekwenda kwao Ushetu kupumzika kidogo, ndivyo alivyosema.

Kama hutaki kujibu, mpe Loveness aandike neno moja tu kwamba uko hai.

Boaz


Kharumwa
3 Julai 2024

Boaz,

Niko hai.

Barua yako ya Februari ilifika siku ya tatu. Niliisoma peke yangu zizini, ng'ombe wameshatoka. Nilipofika kwenye kanga ya njano sikuweza kuendelea hadi kesho yake. Nilikuwa nimesahau nilivaa ipi. Yeye aliona.

Nilipomaliza nilimpa Jilala. Unamjua, hasomi haraka. Alisoma kuanzia asubuhi hadi ng'ombe wanarudi. Kisha akaja nilipokuwa napika, akapiga magoti kwenye majivu, mtu mzima yule, akasema, "Lusia, nisamehe. Nilikuamini ulipojilaumu." Nikamwambia ainuke, watu wataona. Hakuinuka. Tukalia pale hadi mboga ikaungua. Kesho yake chai nilipika mwenyewe.

Siku zilizofuata nilitaka kuja Shinyanga. Nilishafunga mzigo. Sikujua nikifika nitakupiga au nitakushika, kwa hiyo nikaufungua.

Nimekaa na jambo hili miezi minne na nusu. Sasa nakwambia nilikofika, sijafika mbali.

Neno "punguza" nimekusamehe. Ulisema ukiwa na namba moja mbele yako na mkubwa mlangoni, nawe ulidhani kijana ana namba yake na atajilinda. Yeye naye alidhani mjomba anajua. Kila mmoja alimwamini mwenzake, na hakuna aliyetaka kumwaibisha mwenzake. Hilo naweza kulilia bila kukuchukia.

Lakini toka mwisho wa Novemba hadi Februari, Boaz. Ulikuwa na dakika kumi na tisa mfukoni mwako, ukaniacha mimi nasimama juu ya kichuguu kile kila siku, mvua na jua. Ulikuwa na maneno ya mwisho ya mwanangu kunihusu, "umwambie jioni kwamba nimemwona," ukala nayo, ukalala nayo. Alikutuma kwangu! Jioni ile ilichukua miezi saba kufika. Hilo sijakusamehe. Najaribu asubuhi, jioni limerudi. Huenda nitakufa nalo, sitaki kukudanganya.

Tarehe kumi na tisa tuna misa ya mwaka. Padri anakuja, tutakula hapa uani, kijiji kizima kitakuwepo, Mama Esta na wote waliosema alikuwa anatamba. Nataka uje. Baada ya misa utasimama mbele yao uwaeleze ulivyonieleza mimi: mwendo wa hewani ni upi, wa ardhini ni upi, na mwanangu alikuwa na upi. Uwaambie alisema, "hewani nimebaki na kidogo," na aliyemjibu ni nani. Useme kwa mdomo wako, kwa Kisukuma, wazee wasikie vizuri. Mimi siwezi kuwasemea, nikianza nitalia na watadhani ni uchungu wa mama tu.

Jilala anasema wengine wanaweza kukutukana. Nimemwambia aweke kiti chako pale wanapokaa wajomba, na yeyote atakayekitoa atanikuta mimi.

Usitegemee nitakupokea mzigo njiani. Sijui hata kama nitaweza kukutazama usoni. Lakini nimemwambia Loveness ahesabu sahani, na nimesikia akihesabu na ya kwako.

Lusia
Mama Nkwabi